Nilikawia Kurudi kwa Mwalimu Wangu

(Hotuba hii ilitolewa na karani mmoja mstaafu wa bandarini mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi waliokusanyika siku ya kufunga shule. Tunaichapa kama alivyoisema.)



Mwalimu Mkuu aliponialika alitaka niwaeleze vijana faida za elimu. Nimeitika mwito wake, lakini naomba radhi, kwa maana sitasema habari hizo. Faida za elimu mmekwisha kuambiwa na watu waliosoma kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya deni. Si deni la duka wala la benki. Ni deni lililo juu ya kila mtu aliyepata kushikwa mkono na mtu mwingine alipokuwa mdogo. Mdai wa deni hili haleti barua ya kudai, wala hampeleki mdeni wake mahakamani. Na kwa kuwa hadai, sisi wadeni twasahau. Mimi nalisahau, au niseme kweli, nalijifanya nimesahau, kwa muda wa miaka 36.

Nilizaliwa katika milima ya Taita. Baba yangu alikuwa na shamba dogo la mahindi na migomba, na watoto saba. Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita na la saba alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti moja la kijivu na maneno machache. Kila jioni alitukusanya wavulana watatu nyumbani kwake, akatufundisha hesabu kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mafuta yalikuwa yake. Mkewe alitupa viazi vitamu kabla ya kuanza, maana alijua ya kuwa mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Hatukulipa hata senti moja.

Mwaka 1968 nikafaulu mtihani wa darasa la saba. Baba akasema nimekwisha kusoma kiasi cha kutosha, sasa niende katika mashamba ya mkonge, nilete fedha nyumbani. Mwalimu akaja kwetu mara tatu. Mara ya kwanza baba hakumpa hata kiti. Mara ya pili walizungumza mpaka usiku. Mara ya tatu mwalimu alitoa mfukoni karo ya muhula wa kwanza, akaiweka juu ya meza, asiseme neno. Baba akaitazama fedha ile kwa kitambo kirefu, kisha akamwita mama, akamwambia alete chai. Hivyo ndivyo nilivyopata kwenda shule ya sekondari.

Siku ya safari mwalimu alinisindikiza hadi njia panda. Nikamwahidi ya kuwa nitamwandikia barua kila muhula. Akaniambia, "Andika, mwanangu. Ukishinda andika, na ukishindwa andika. Mimi nataka kujua tu umefika wapi."

Muhula wa kwanza niliandika. Wa pili niliandika. Wa tatu ulikuwa na kazi nyingi, nikasema nitaandika wakati wa likizo. Kisha nikapata kazi ya ukarani katika bandari ya Mombasa. Nikasema, ngoja kwanza nipandishwe cheo, nipate habari njema ya kumpelekea. Nikapandishwa cheo. Nikasema, ngoja nijenge nyumba, niende na picha yake. Nikajenga. Lakini hapo miaka ilikuwa imekwisha kupita mingi, na sasa sikuzuiwa tena na kazi bali na aibu. Nalijiuliza, nitamwambia nini mzee huyu? Wazee wetu walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nami naongeza neno moja: aibu ya kukawia ni kama riba. Kila mwaka usipolipa huongezeka, na kadiri inavyoongezeka ndivyo mtu anavyozidi kuogopa kwenda kulipa.

Kabla sijawaambia jinsi nilivyorudi, nitawasimulia habari za watu wawili ambao mashukuru yao yamenifundisha jambo.

Wa kwanza ni Albert Camus. Alizaliwa mwaka 1913 katika nchi ya Algeria, kaskazini ya Afrika, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Wafaransa. Hakupata kumjua baba yake, kwa maana aliitwa vitani, akafa mwaka 1914 kwa jeraha alilolipata katika mapigano ya Marne kule Ufaransa. Mama yake alikuwa haisikii vizuri, hajui kusoma wala kuandika, na alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Walikaa na bibi yake mtoto katika mtaa wa maskini wa Belcourt, katika mji wa Algiers, na bibi huyo ndiye aliyekuwa na amri ya nyumba.

Mwalimu wake wa shule ya msingi aliitwa Louis Germain. Naye alikuwa amepigana katika vita ile ile iliyomwua baba wa mtoto yule. Germain aliona ya kuwa mtoto ana akili, akampa masomo ya ziada bila malipo. Ulipofika wakati wa mtihani wa kupata msaada wa karo ya shule ya juu, bibi alikataa, maana alitaka mjukuu wake apate kazi, alete mshahara. Mwalimu hakukaa shuleni akingoja majaliwa. Alikwenda kusema na bibi yule mwenyewe, mpaka akakubali. Mwaka 1924 mtoto akaingia shule ya juu.

Naona baadhi ya wazee hapa mnatabasamu. Naam, kumbe mambo ya baba yangu yalikuwa yamekwisha kutokea Algiers zaidi ya miaka 40 kabla yake. Umaskini una lugha moja duniani kote.

Camus akawa mwandishi mashuhuri. Mwezi wa Oktoba 1957 ikatangazwa ya kuwa amepewa tuzo ya Nobel ya fasihi, ambayo ni heshima kubwa kupita zote kwa mwandishi. Magazeti ya dunia yote yalilitaja jina lake. Je, yeye alifanya nini? Alingoja makelele yapungue kidogo, na tarehe 19 Novemba mwaka ule ule akachukua kalamu akamwandikia mwalimu wake wa zamani. Akamweleza ya kuwa alipopata habari ile, baada ya mama yake, mtu aliyemkumbuka ni yeye. Na hotuba alizozitoa huko Sweden zilipopigwa chapa kuwa kitabu, akamtunukia Louis Germain kitabu hicho.

Sasa sikilizeni vizuri. Sisi hudhani ya kuwa hatari ya kukawia ni kwamba mzee atakufa. Tarehe 4 Januari 1960 gari alimokuwamo Camus liligonga mti katika barabara ya Ufaransa, naye akafa papo hapo, mwenye umri wa miaka 46. Mwalimu alibaki hai. Mwanafunzi ndiye aliyetangulia. Tangu barua ile ilipoandikwa hata siku ya ajali ilikuwa miaka miwili na mwezi mmoja na nusu tu. Kama Camus angalisema kama mimi, "Ngoja kwanza," barua ile isingaliandikwa kamwe.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu Kenya. Katika kijiji cha Mitahato, upande wa Kiambu, alikuwako kijana jina lake Chris Mburu, hodari wa masomo, lakini kwao hawakuwa na karo. Katika miaka ya 1970 alipata kulipiwa na mtu wa Sweden ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Kiasi chenyewe kilikuwa yapata dola 15 kwa muhula. Jina la mfadhili wake lilikuwa Hilde Back. Kijana akasoma, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akajifunza sheria, kisha akaendelea katika chuo cha Harvard kule Marekani, na mwisho akawa mtumishi wa Umoja wa Mataifa katika kazi ya kutetea haki za binadamu.

Alipokuwa mtu mzima hakuridhika kulijua jina bila kumjua mtu. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto maskini wenye akili waendelee na shule ya sekondari, akataka kuuita kwa jina la mama yule. Akawaomba watu wa ubalozi wa Sweden wamsaidie kumtafuta. Wakampata, yu hai, katika mji wa Västerås. Mburu alikuwa amedhani siku zote ya kuwa mfadhili wake ni tajiri. Kumbe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye mshahara wa kawaida.

Halafu ikajulikana habari nyingine. Hilde Back alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, naye ni Myahudi. Chini ya utawala wa Nazi watoto wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule. Yeye akakimbilia Sweden angali kijana, lakini wazazi wake hawakupata ruhusa ya kukaa huko, nao wakaangamia mikononi mwa Wanazi. Basi yule aliyenyimwa shule kwa sababu ya asili yake ndiye aliyemlipia shule mtoto wa kabila asilolijua, katika nchi asiyoifahamu. Na mtoto yule alikuwa amekuwa wakili wa kupigana na ubaguzi, bila kujua habari za maisha ya mama huyo. Hakuna aliyepanga jambo hilo.

Mama huyo alikuja Kenya akiwa mzee, na wanakijiji wakampokea kwa nyimbo na ngoma. Habari zake zilionyeshwa katika filamu mwaka 2010. Alifariki mwaka 2021. Lakini fikirini: kama Mburu asingalimtafuta, Hilde Back angalikufa akidhani ya kuwa zile fedha zake chache zilikwenda tu kama maji mchangani. Wema hauozi, twasema. Ni kweli. Walakini aliyetenda wema hawezi kujua kwamba haukuoza, asipoambiwa.

Sasa narudi kwangu.

Mwaka 2004, katika matanga ya rafiki yangu pale Mombasa, nalikutana na mtu wa kwetu. Akaniambia, "Yule mwalimu wako yu hai, ila macho yamefifia." Usiku ule sikulala. Juma lililofuata nikapanda basi mpaka Voi, na toka Voi nikapanda gari dogo la kwenda Wundanyi. Nilichukua blanketi zuri, sukari kilo tano, na picha ya nyumba yangu.

Nilimkuta ameketi nje, amejifunika koti. Picha ya nyumba haikufaa kitu, maana hakuweza kuiona. Nikataja jina langu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika saba kama moja." Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa kutoandika. Akasema, "Barua zako mbili ninazo. Inuka, uketi." Hakutaka tena habari za radhi.

Akaniuliza juu ya kazi yangu, nikamweleza kwa urefu, nikidhani ya kuwa hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Na mwenzako yuko wapi?"

Nimewaambia ya kuwa tulikuwa wavulana watatu katika taa ile. Mmoja alikwenda jeshini, naye alikwisha kufariki. Wa pili ndiye aliyekuwa akiulizwa. Nikajibu ya kuwa sijui. Hapo mzee akaniambia jambo ambalo sikupata kulijua maisha yangu yote.

"Yule alikuzidi kwa hesabu," alisema. "Kwao pia nilikwenda mara tatu. Lakini nilikuwa na fedha ya mtoto mmoja tu. Baba yake alikataa kabisa, na baba yako alikuwa anaanza kulegea. Nikaiweka fedha pale ambapo mlango ulikuwa wazi kidogo. Tangu siku ile najiuliza kama nilifanya vyema. Sikupata mtu wa kuniambia alikofika."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwenda kulipa deni langu, nikakuta ni kubwa kuliko nilivyodhani. Miaka 36 mzee yule alikuwa amebeba mzigo, na mimi, ambaye ningaliweza kumtua, nalikuwa Mombasa nikingoja kupandishwa cheo.

Nikamwahidi kumtafuta mwenzangu, na safari hii sikuthubutu kukawia. Nilimtafuta miezi mitano, nikiuliza sokoni, makanisani na kwa wazee wa mashamba ya mkonge, hata nikamkuta karibu na Taveta, analima ndizi. Nadhani aliponiona na viatu vyangu alidhani nimekuja kujivuna. Nilipomwambia aliyenituma, aliweka jembe chini.

Jumapili moja tukaenda pamoja. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa kutompeleka shule. Mwenzangu akamjibu hivi: "Mwalimu, nilikwenda kukata mkonge, ni kweli. Na miaka ya kwanza nililia. Lakini siku ya mshahara hapakuwa na msimamizi aliyeweza kunipunja, kwa sababu nilijua kuhesabu. Wenzangu walileta karatasi zao kwangu niwahesabie. Watoto wangu wanne nimewasomesha wote, na binti yangu ni mwuguzi. Hesabu zako hazikuniacha hata siku moja."

Mzee hakujibu. Alikaa hivyo hivyo, amemshika mkono. Baadaye alimwita mkewe alete chai.

Aliishi miaka saba baada ya siku ile. Tuliendelea kuwatafuta wenzetu wa darasa, tukapatikana watu kumi na mmoja, na kila Desemba tulikwenda kumsalimu, kila mtu akasema alikofika. Wengine walifika mbali, wengine hawakufika. Wote aliwasikiliza sawasawa. Mwaka 2011 alifariki, nasi ndio tuliobeba jeneza. Tangu hapo twaweka fedha kidogo kidogo, na kila mwaka twamlipia mtoto mmoja karo ya muhula wake wa kwanza. Si chama chenye jina kubwa. Ni daftari moja tu, na watu waliobaki wa darasa letu.

Basi, nimalize kwa maneno machache ya kuchukua nyumbani.

Kwanza, nawaambieni ninyi mliokwisha kupata kazi: msingoje mpate cha kuonyesha. Aliyekufundisha haitaji picha ya nyumba yako. Hata habari ya kushindwa ni bora kuliko kimya.

Pili, aibu isiwazuie. Mimi niliiogopa hasira ya mwalimu miaka mingi, na hasira yenyewe haikuwako. Siku hizi simu iko mfukoni mwa kila mtu; hatuna udhuru ambao wazee wetu walikuwa nao. Lakini kama njia inawezekana, nenda kwa miguu yako, maana mzee asiyeona hutambua mtu kwa sauti na kwa mkono.

Tatu, usiende peke yako ikiwa waweza kwenda na mwenzako. Na kabla hujaenda, uliza habari za wale ambao hawakubahatika kama wewe. Huenda hao ndio mwalimu wako anaowawaza usiku.

Nne, ikiwa aliyekulea kwa elimu amekwisha kufa, usikae ukisikitika bure. Nenda kwa mjane wake au kwa watoto wake, uwaambie alichokutendea. Kisha mtafute mtoto mmoja ambaye baba yake anaanza kulegea, uiweke fedha mezani.

Nanyi vijana mtakaoondoka leo na vyeti vyenu, sina la kuwaagiza ila lile nililoagizwa mimi pale njia panda, nikalikubali kwa mdomo na nisilitimize. Walimu wenu wamekaa pale nyuma. Hawatawadai kitu. Wanataka kujua tu mmefika wapi. Waandikieni.